Tulikagua Hati, Hatukukagua Nyumba

Kitu ninachokikumbuka zaidi ni harufu ya rangi. Ilikuwa Januari 2015, kiangazi kikali, vumbi la Moshono, Arusha, limetanda hadi kwenye majani ya migomba, na ile nyumba ya vyumba vitatu ilikuwa inang'aa peke yake. Mwenye nyumba alituandalia chai. Dalali alitangulia kufungua milango na madirisha huku akitutajia majirani na umbali wa shule. Mume wangu aligonga ukuta mara mbili kwa kiganja, akaniambia, "Imejengwa vizuri hii." Nami nikaamini.

Kwenye karatasi hatukuwa wazembe. Wakili wetu alifanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, akathibitisha kwamba hati ni ya yule muuzaji kweli, haijawekwa rehani na haina zuio. Aliomba stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Alidai mke wa muuzaji asaini ridhaa, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa auze nyumba ya familia bila mwenzake kukubali. Tulimwona mwenyekiti wa mtaa. Tulizifukua bikoni zote 4 za mipaka tukaziona kwa macho yetu. Kwa wiki tano tulikagua kila kitu kilichoandikwa kuhusu ile nyumba, na ndani ya nyumba yenyewe tulikaa labda dakika 50, chai ikiwemo.

Masika yalianza mwishoni mwa Machi. Usiku wa tatu wa mvua nzito binti yetu alituamsha, sakafu ya chumbani kwake ina maji. Tukatazama juu: silingi kavu. Maji yalikuwa yanatoka chini, yanapenya kwenye maungio ya vigae, ya baridi na yenye rangi ya udongo. Wiki mbili baadaye, kwenye kona ya dirisha la chumba hichohicho, ile rangi nzuri ilipasuka kwa mshazari, na chini yake tukaona plasta ya rangi tofauti. Mtu alikuwa ameshauziba ufa ule kabla yetu.

Bibi jirani, aliyezaliwa palepale, alikuja kutupa pole. Alisimama uani akatuonyesha kwa fimbo mstari unaoshuka kutoka upande wa mlima hadi kwenye ukuta wetu. Hapo palikuwa na korongo. Watu walilimwagia kifusi mwaka hadi mwaka mpaka likajaa, kisha vikapimwa viwanja. "Nilidhani mmeonyeshwa, mwanangu," alisema, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa anasikitika kweli.

Nilirudi kwa wakili nikiwa nimewaka hasira. Alinieleza kwa utulivu kwamba katika Sheria yetu ya Mikataba, mtu kunyamaza tu kuhusu kasoro kwa kawaida hakuhesabiki kuwa udanganyifu, lakini kuificha kwa makusudi kasoro unayoijua ni udanganyifu. Rangi na plasta juu ya ufa inaweza kuhesabika hivyo. Ila itabidi uthibitishe kwamba alijua, na upande wa pili atauliza kama wewe, kwa uangalifu wa kawaida tu, usingeweza kugundua. Swali hilo la pili ndilo lililoninyamazisha. Tuliacha kesi, tukatafuta shilingi milioni 11: mtaro wa mawe wenye bomba la matundu upande wote wa mlimani, msingi wa kona ile ukachimbuliwa na kuongezewa zege, sakafu ya chumba ikavunjwa na kumwagwa upya. Injinia aliyesimamia kazi hiyo alichukua penseli, akachora kistari pale ufa ulipoishia na kingine kinachoukatisha katikati, akaandika tarehe ukutani. Aliniambia nirudie kila masika. Ufa ukisimama, uache. Ukiendelea, nimpigie.

Tangu hapo, mtu akiniambia anataka kununua nyumba, jambo la kwanza ninalomuuliza ni nani ataikagua, na analipwa na nani.

Wenzetu wa nchi nyingine wameshaifanya hii kuwa kazi yenye jina. Marekani chama cha wakaguzi wa nyumba, ASHI, kilianzishwa mwaka 1976. Kule mnunuzi huajiri mkaguzi wake baada ya bei kukubaliwa na kabla ya mauzo kukamilika, na mkataba mara nyingi humpa siku kadhaa za kujitoa kama ripoti itamtisha. Uskoti wamegeuza mzigo: tangu Desemba 2008, kwa nyumba nyingi, muuzaji ndiye anayetakiwa kuwa na ripoti ya hali ya nyumba kabla hajaitangaza sokoni. Kote kuwili mkaguzi huangalia kwa macho na vifaa vyepesi. Havunji ukuta, hachimbi sakafu, na hakupi dhamana kwamba hakuna kitakachoharibika. Anakuambia alichokiona siku ile, na mkaguzi mwema anakuambia pia asichoweza kukiona.

Hapa kwetu desturi haijafika huko, lakini watu wa kuifanya kazi hiyo tunao. Wahandisi wanasajiliwa na bodi yao, ERB. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana AQRB. Unaweza kumwomba mhandisi namba yake ya usajili na ukaihakiki. Tatizo ni kwamba tunamtafuta wakati wa kujenga, na tena wengi wetu hata wakati huo hatumtafuti, lakini wakati wa kununua tunamwachia dalali.

Kuna mkanganyiko mmoja ambao ningependa kila mtu aondokane nao. Mthamini si mkaguzi. Sisi tulichukua mkopo, benki ikamleta mthamini, akapiga picha, akapima vyumba, akaandika thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka. Ripoti ikasema jengo liko katika hali nzuri. Nikaona basi, benki imekagua. Kumbe benki ilitaka kujua kitu kimoja tu: sisi tukishindwa kulipa, nyumba hii itauzwa shilingi ngapi. Hilo ni swali halali kabisa, ila halikuwa swali langu. Nyumba iliyokaa juu ya korongo ndani ya Moshono bado ina thamani kubwa sokoni. Haimaanishi mtoto atalala pakavu.

Na fundi pia si mkaguzi, hata kama ni fundi mzuri na ni ndugu yako. Nimeona mafundi wawili wakikagua nyumba moja huko Sakina: mmoja alikuwa ameletwa na dalali, akasema haina shida, mwingine alitarajia kupewa ukarabati, akasema paa lote litolewe. Sidhani kama kuna aliyedanganya kwa kukusudia. Kila mmoja aliona kilichompa riziki. Ndiyo maana nasisitiza mtu ambaye ujira wake ni uleule, nyumba inunuliwe isinunuliwe, na ambaye mmekubaliana tangu mwanzo kwamba marekebisho hatayafanya yeye.

Mwaka 2022 ikawa zamu yetu kuuza. Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na sisi ndugu wanne tulikubaliana kuiuza nyumba yake ya Soweto, Moshi, aliyoijenga baba mwaka 1983. Hii ni nyumba ya mjini yenye hati. Ingekuwa ya kihambani, kwenye shamba la ukoo, hadithi ingekuwa nyingine, maana kule unauziana na ukoo mzima, na makaburi ya wazee yako mgombani. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshapata fundi rangi. Bei ya ndoo ameshauliza. Nilimwomba, "Kaka, kabla ya rangi, tumlete mtu aikague." Alinitazama kama niliyemtukania baba. "Unataka kulipa hela ili mtu aje aandike ubaya wa nyumba yetu?"

Tulibishana wiki nzima. Mwishowe nililipa mwenyewe, shilingi 350,000 na nauli. Mzee aliyekuja ni mhandisi mstaafu, mtu wa maneno machache, amebeba ngazi, tochi, bisibisi, nyundo ndogo na golori mfukoni. Nilimwamkia, nikamkaribisha ndani. Akasema, "Asante mwanangu, nitaingia mwisho."

Saa nzima ya kwanza alikuwa nje. Alizunguka nyumba akitazama ardhi kwanza, maji ya mvua yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Alitazama pale gata zinapomwaga, kama udongo umechimbika. Aliinama kwenye msingi akatafuta zile njia nyembamba za udongo ambazo mchwa hujenga kupanda ukutani. Kisha akaanza nyufa. Alinifundisha kuzisoma, na nitaandika hapa kama alivyonieleza. Vile vijinyufa vyembamba kama unywele vinavyosambaa kama utando ni plasta iliyokauka haraka, usikose usingizi. Ufa unaosimama wima pale chumba cha nyongeza kilipounganishwa na nyumba ya zamani ni majengo mawili yanayokaa kila moja kivyake, utazame lakini usiuogope. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha au mlango, unaofuata maungio ya tofali kama ngazi, mpana juu na mwembamba chini au kinyume chake, huo ni msingi unaozungumza. Ukizidi milimita 5, au milango ya upande huo ikianza kugoma kufunga, usinunue kabla hujajua sababu. Nilikuwa nasikiliza huku naiona kona ya chumba cha binti yangu.

Kwenye ardhi yetu ya Arusha na Moshi sababu zenyewe si nyingi. Kuna kifusi, kama kwetu. Kuna udongo mweusi wa mbuga katika maeneo ya chini, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyumba yenye msingi mfupi hupanda na kushuka nao. Na tusisahau tunaishi pembeni ya Bonde la Ufa. Wenyeji wanaikumbuka Julai 2007, siku kadhaa ardhi ikitikisika kutoka upande wa Mlima Gelai, hadi Nairobi wakasikia. Linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, iliyofungwa nyumba nzima bila kukatika, yenye nondo za kutosha, ndiyo inayoshika kuta pamoja siku kama hizo. Mzee aliigonga yetu kwa nyundo akiwa juu ya ngazi, akisikiliza. Baba alikuwa ameifunga vizuri. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Ndani aliweka golori sakafuni kila chumba aone kama itabingirika. Alifungua bomba zote kwa pamoja akatazama nguvu ya maji inavyoshuka. Alipanda kwenye tundu la silingi, akakaa humo juu kwa muda mrefu, mwanga wa tochi ukipita kwenye maungio ya bodi. Aliposhuka alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Kenchi, fremu za mbao zinazobeba paa, ni nzuri, alisema, ila papi tatu, mbao zinazopigiliwa bati, upande wa stoo zimeliwa na mchwa, bisibisi imezama hadi kwenye mpini. Bati zenyewe ni nene, za zamani. Siku hizi watu huuziwa geji 32 wakidhani namba kubwa ndiyo bora, kumbe kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyozidi kuwa jembamba. Shida ilikuwa kwenye vali, pale mapaa mawili yanapokutana. Imeoza, inavuja, na maji ndiyo yaliyowaita mchwa. Nilikumbuka ndoo ya bluu ambayo mama aliiweka stoo miaka yote, na sisi tulikuwa tunadhani ni ndoo ya kuhifadhia mahindi.

Umeme ndio ulionitisha. Nyumba za enzi ile zilifungwa waya kwa ajili ya taa, redio na pasi. Mwaka 2009 tulimfungia mama hita ya kuogea, ile ya kichwa cha shawa inayochemsha maji papo hapo, maana Julai ya Moshi si ya mchezo kwa mtu mzima. Fundi aliivuta kutoka kwenye waya wa taa. Mzee alinipigia hesabu kwenye karatasi: hita ya wati 5,000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 22. Waya wa taa ni wa milimita za mraba 1.5. Hita kama ile inataka waya wa 4 au 6, na breka yake yenyewe. Juu ya hapo, waya wa arthi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ulikuwa umekatwa nje chini ya mti, labda na jembe. Mama alioga chini ya kile kitu, miguu ikiwa majini, kwa miaka 12. Alikuwa akisema bomba "linamtekenya", tukacheka naye. Siwezi kuandika sentensi hiyo bila mkono kutetemeka. Kama hutafanya kitu kingine chochote baada ya kusoma makala hii, mwite fundi umeme mwenye leseni aipime arthi ya nyumba unayolala leo.

Mengine yalikwenda haraka. Shimo la maji taka lilifunguliwa, halijajaa, na gari la kunyonya linaweza kufika, jambo ambalo watu hawalifikirii hadi siku limejaa na uchochoro ni wa mita mbili. Umeme wa LUKU tulinunua wa shilingi 5,000 palepale tuone kinachokatwa, kwa sababu tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hulipwa humo, na malimbikizo ya mwenye nyumba wa zamani yatamsubiri mpya kwenye mita. Hakuna alama ya X nyekundu ya kubomolewa, nyumba iko mbali na hifadhi ya barabara. Hakuna mto ndani ya mita 60.

Maji ya bomba ya pale Moshi hakuyatilia shaka. Lakini alipojua naishi Arusha aliniuliza kama kwetu kuna kisima, nikasema jirani anacho na tunachota kiangazi. Akaacha kuandika. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia floridi kwenye maji ya chini ya ardhi, na kiwango hubadilika kutoka kisima hadi kisima, hata kama vimepakana. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Meno ya kahawia tunayoyaona kwa watu wengi wa Arumeru yaliharibika wakiwa watoto, wakati meno yalipokuwa yanajijenga ndani ya fizi, na ikizidi sana kwa miaka mingi hukunja mifupa. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimefanyia kazi uchujaji wa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa hiyo muuzaji akikutembeza kwenye kisima chake kwa fahari, chukua chupa safi, jaza, peleka maabara. Nyumba inarekebishika. Jino la kudumu la mtoto likishaharibika halirudi.

Ripoti ilikuja baada ya siku nne, kurasa 9 zenye picha. Aliigawa sehemu tatu: ya hatari leo, ya kushughulikia kabla ya masika, na uzee wa kawaida wa nyumba. Mwishoni aliandika asivyoviona: kina cha msingi, mabomba yaliyo chini ya sakafu, ukuta ulio nyuma ya kabati la jikoni. Kaka aliisoma akiwa amekaa kwenye kiti cha baba. Alipofika ukurasa wa hita aliivua miwani akaiweka mezani, na habari ya fundi rangi haikuzungumzwa tena.

Tulirekebisha umeme wote, hilo hatukuwa na mjadala nalo. Paa la stoo tuliliacha, fedha hazikutosha, tukaamua kulisema. Mteja wa kwanza alisoma ripoti akaondoka na hakupokea simu tena. Kaka alininunia siku tatu. Lazima niseme ukweli huo, kwa sababu wanaohubiri uwazi mara nyingi husahau kwamba uwazi una gharama na wakati mwingine unailipa wewe. Mteja wa pili, mama mmoja mwalimu, alikuja na ripoti yetu amepiga mistari kwa kalamu, akamleta na mtu wake akapande darini. Walikuta yaleyale. Alitaka tupunguze shilingi milioni 5 kwa ajili ya paa, tukafikia 3 na nusu. Hapakuwa na kuapizana, hapakuwa na "nimeshapata mwingine anayetoa zaidi". Tulizungumza bei ya mbao, bei ya bati na ujira wa fundi, vitu ambavyo wote tunavijua. Kwenye mkataba wa mauziano wakili aliambatanisha kurasa zote 9, pande zote zikasaini kila ukurasa.

Aprili iliyofuata alinipigia, mvua inasikika nyuma ya sauti yake. "Dada, ile kona ya stoo imevuja kama mlivyoandika. Fundi anakuja kesho. Nimepigia tu kukusalimia."

Nyumba ya Moshono bado tunaishi. Mwezi wa saba tulimwita fundi rangi, mara ya kwanza tangu tuhamie. Alipofika chumba cha binti alianza kuandaa msasa ili afute ile mistari ya penseli kwenye kona ya dirisha, tarehe moja chini ya nyingine kuanzia 2015, ya mwisho mbali na ya kwanza kwa milimita mbili tu. Nilimwomba aiache. Alitaka kujua kama ni vipimo vya urefu wa mtoto. Nilimweleza, akasikiliza, akabandika gundi ya karatasi kuzunguka ile kona, ukubwa wa daftari, akapaka ukuta wote uliobaki.